Bushi za yurethani badala ya raba: zinafaa gari la familia?

Wakuu, bushi (vile viungio laini vya raba) za kontrolo amu (mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu) za mbele zimechanika. Nikishika breki gari linavuta upande. Fundi anasema niweke za yurethani (plastiki ngumu kuliko raba), eti nitasahau shida hii. Ila mama mkwe hulala siti ya nyuma safarini, na kelele hataki. Mnasemaje?

— Mkuu, zinadumu kweli, na usukani unajibu upesi. Tofauti ni hii: raba imegandishwa kwenye chuma, amu ikipanda na kushuka raba yenyewe hujinyonga. Yurethani huzunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo bila grisi italia kama kitanda kibovu. Paka grisi ya silikoni. Mtikisiko wa barabara utausikia zaidi, hilo halikwepeki.

— Na amu ya nyuma inayopinda pande nyingi iachie raba. Yurethani huibana.

— Asanteni. Basi yurethani kwenye stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona) tu, amu raba mpya.

— Sawa. Boliti za amu zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo raba zitachanika mapema. Halafu alaimenti (kunyoosha magurudumu).