Mrejesho: Nilikuwa nalala kwenye gari, sasa nimepata pa kuwalaza wanangu

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: nimetengana na mama watoto hapa Uingereza, nalala kwenye gari, mahakama imetupa malezi ya pamoja. Siku nne watoto wako kwa mama yao, tatu ni zangu, ila sina pa kuwalaza. Halmashauri ikaniandikia kwamba sina kipaumbele cha kupewa makazi kwa kuwa watoto tayari wana pa kuishi.

Wengi mlisema amri ya mahakama inatosha. Haitoshi. Tangu hukumu ya mwaka 2009 ya Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa hapa wakati huo, kesi iliyohusu halmashauri ya Richmond, halmashauri hazifungwi na amri hiyo. Zinapima zenyewe kama ni busara kutarajia watoto waishi na wewe pia. Aliyeniokoa ni dada aliyesema niombe mapitio ya uamuzi ndani ya siku 21. Nilibakiwa na siku nne tu! Nikapeleka barua ya mwalimu mkuu, ratiba ya kuwachukua shuleni, na barua ya mama watoto mwenyewe. Mungu ambariki, maana hakuwa na deni lolote kwangu.

Uamuzi umebadilishwa. Tumepewa malazi ya muda, chumba kimoja na jiko la kuchangia. Nyumba ya kudumu bado, foleni ni ndefu mno.

Ijumaa mdogo aliniuliza, "Baba, hapa tunalala mpaka asubuhi?" Nikamwambia ndiyo.

Dada yangu, asante sana.