Wachezaji wa skii kutoka nchi ndogo: tuwapime kwa kipimo gani?

Mwalimu wa Malindi

Assalamu aleikum wanajukwaa. Nafundisha michezo katika shule moja hapa Malindi, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Pyeongchang, Korea Kusini, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, binti aliyezaliwa katika kaunti yetu hii ya Kilifi na kupelekwa Austria akiwa na umri wa miaka mitatu, akalelewa huko penye milima ya theluji. Alikuwa wa 38 katika super-G, yaani mbio za skii za kushuka mlima kwa kasi zenye kona chache, na wa 59 katika slalomu kubwa, yenye kona nyingi zaidi. Watoto wanataka kujua iwapo matokeo hayo ni ya kujivunia, na kwa nini Liechtenstein, nchi yenye watu wapatao 40,000 tu, ambao ni wachache kuliko wakazi wa mji wetu, imepata medali katika mchezo huo huo ilhali sisi hatuna. Naomba hoja nitakazoweza kuzifikisha darasani.

Baharia wa Shela

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nitajibu la Liechtenstein, kwa sababu naona ndilo linalowatatiza watoto. Nchi hiyo ina medali kumi za Olimpiki ya majira ya baridi, zote za skii ya milimani, na haijapata hata moja katika Olimpiki ya majira ya joto. Mwaka 1980, huko Lake Placid, Hanni Wenzel alitwaa dhahabu katika slalomu (yenye kona fupi kuliko zote) na slalomu kubwa, akaongeza fedha katika mbio za mteremko (zenye kasi kuliko zote), na kaka yake Andreas akapata fedha yake. Binti wa Hanni, Tina Weirather, alipata shaba Pyeongchang katika super-G, yaani mbio zile zile ambazo Simader alimaliza wa 38. Baba yake Tina, Harti Weirather wa Austria, naye alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mteremko mwaka 1982.

Kwa hiyo uchache wa watu haukuwazuia, kwa kuwa mlima uko nyuma ya nyumba na ujuzi unarithiwa. Hapa Lamu tunalielewa hilo tukitazama mashindano ya majahazi wakati wa Maulidi: nahodha anayeshinda alianza kushika usukani kabla hajajua kusoma, akiwa chomboni pamoja na babake na ami zake, wakati mtu wa bara mwenye nguvu mara mbili hajui hata tanga linapogeuzwa aelekeze kichwa wapi.

Na wapo watakaosema Simader si wetu kwa kuwa alikulia ugenini. Hanni Wenzel mwenyewe alizaliwa Ujerumani, akahamia Liechtenstein angali mchanga, na leo hakuna anayehoji medali zake ni za nani.

Mzee wa Mkomani

Nimewasoma kwa makini, na sina neno baya juu ya binti huyo. Shaka yangu ni juu ya sisi tunaobaki. Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza katika michezo hiyo, Nagano mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10 za skii ya nyika, ambayo mchezaji hujisukuma mwenyewe badala ya kushuka mlima tu. Alikuwa wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie alimngoja mstarini amkumbatie. Ni tendo la kiungwana ambalo dunia inalikumbuka hadi leo. Hata hivyo, mtoto wa Lamu anayepiga mbizi tangu utotoni hana kocha wa kuogelea. Je, si haki pesa za michezo zianzie baharini?

Binti Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Mtoto wa Lamu ana haki ya kocha, nami naiunga mkono kwa moyo wote, lakini tusiifanye haki hiyo kuwa hoja ya kushusha thamani ya aliyefika Pyeongchang, kwa sababu hakufika kwa kuhurumiwa. Kila mbio inayotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii humpa mchezaji pointi kulingana na muda aliopitwa na mshindi, na pointi zikiwa chache ndivyo mchezaji anavyokuwa bora. Kwa michezo ya 2018, mchezaji wa nchi iliyo ndogo katika skii aliruhusiwa slalomu na slalomu kubwa akiwa na wastani usiozidi pointi 140, lakini kwa super-G kikomo kilikuwa 80. Simader alikivuka kizingiti hicho kigumu zaidi.

Kisha Mwalimu awaeleze watoto jambo ambalo televisheni hailionyeshi vizuri. Wenye viwango vya juu hutangulia, na kila anayepita huchimba theluji kwa kingo za skii zake, hasa pale kila mtu anapokata kona kwenye mlango, yaani nguzo ambazo ni lazima apite kati yake. Anayeanza wa hamsini au wa sitini hukuta mifereji inayomtikisa miguu kwa kasi kubwa, naye bado anashindanishwa kwa saa ile ile. Wengi huanguka au kukosa mlango. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alikuwa wa 47 katika slalomu ya Vancouver mwaka 2010, na zaidi ya nusu ya walioanza siku hiyo hawakufika mwisho. Shannon Abeda wa Eritrea alikuwa wa 61 katika slalomu kubwa mwaka 2018, akarudi Beijing mwaka 2022 akawa wa 39.

Mwalimu wa Malindi

Nawashukuru nyote, na Mzee, hoja yako ya kocha wa kuogelea nitaifikisha kwenye kikao cha walimu. Darasani nitaandika ubaoni muda wa super-G ile ya 2018: Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki, aliyeanza wa 26, dakika 1 na sekunde 21.11, Anna Veith wa Austria, 1:21.12, Tina Weirather, 1:21.22. Nitawaambia wapige makofi mawili kwa haraka kadiri wawezavyo, kisha wahesabu ni wachezaji wangapi wangepita kati ya kofi la kwanza na la pili.