Ndoo nyumbani, hema mlimani: gumzo la kikundi cha familia

Jumanne

Rehema 18:41
Habari za jioni familia. Anko Daudi, shikamoo. Tunaomba ushauri. Alhamisi jioni tunapika bia lita 20, Ijumaa mchana mimi na Baraka tunaenda kupiga kambi, tunarudi Jumatatu. Ndoo ikae peke yake siku zote hizo, au tuahirishe kupika?

Anko Daudi 18:47
Marahaba mama. Msiahirishe. Bia haihitaji mtu wa kuikodolea macho. Inahitaji joto lisilopanda na kushuka, na njia ya gesi kutokea, basi. Tatizo ni kwamba Ijumaa hadi Jumapili ndizo siku zenye vurugu. Hamira ikishaamka povu linaanza kupanda ndani ya saa 12 hadi 24, na kilele kinakuja kabla siku ya tatu haijaisha. Wakati huo nyie mko mlimani. Kwa hiyo yote yapangwe Alhamisi. Ndoo ni ya lita ngapi?

Baraka 18:50
Shikamoo anko. Lita 25. Kifuniko kina tundu la kizibo cha mapovu, kile chenye maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa.

Anko Daudi 18:58
Marahaba. Lita 20 ndani ya 25, nafasi iliyobaki juu ni lita 5 tu. Povu likiwa zito litapanda na mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) mpaka kwenye kizibo. Pale ndipo linapoganda. Gesi ikikosa njia kifuniko kinaruka, na bia inabaki wazi mpaka Jumatatu.

Siku za mwanzo msitumie kizibo cha mapovu kabisa. Tafuteni mpira laini wa plastiki unaobana kwenye lile tundu, upana wa ndani usipungue sentimita 1, ukipatikana mpana zaidi ni bora. Ncha ya pili izame kwenye jagi lenye maji ya dawa ya kuulia vijidudu. Gesi inatoka, povu linatoka, wadudu hawaingii.

Petro 19:03
Naongezea hapo kwa anko. Shemeji Baraka, jagi likae chini ya usawa wa ndoo, na maji yafunike ncha ya mpira kwa sentimita 2 au 3 tu. Mkifunga ndoo bia ikiwa bado vuguvugu, usiku inapopoa hewa ya ndani inasinyaa na ndoo inaanza kunyonya kutoka kwenye jagi. Jagi likijaa, mtakuta nusu ya maji ya dawa yameingia kwenye bia. Poozeni kwanza mpaka nyuzi 18, ndipo mfunge.

Rehema 19:06
Sawa kaka. Na joto la chumba? Kwetu mchana linafika 24.

Anko Daudi 19:15
Hapo ndipo wengi wanapopoteza bia nzuri. Hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Wakati wa kilele, ndani ya ndoo panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba kikiwa 24, bia ni 27 au 28. Hamira ya ale (bia inayochachuka bila baridi kali) ya kawaida inataka 18 hadi 20. Ikivuka hapo sana inatoa harufu ya ndizi mbivu, na ikizidi zaidi inatoa vileo vizito vinavyonuka kama dawa ya kuyeyushia rangi na kuumiza kichwa. Hayo hayaondoki hata chupa ikae mwaka.

Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha. Baada ya hapo joto likipanda hadi 21 au 22 si kosa, tena linaisaidia hamira kumaliza kazi.

Baraka 19:17
Friji ya ziada hatuna anko.

Anko Daudi 19:24
Si lazima. Wekeni ndoo ndani ya beseni pana lenye maji ya kufika robo ya ndoo. Ivisheni ndoo fulana kubwa ya pamba iliyolowa, pindo lake lizame kwenye maji ya beseni. Pamba inapandisha maji yenyewe, upepo unayakausha, ndoo inapoa. Feni ndogo ikielekezwa pale, hewa ikiwa kavu, mnapunguza nyuzi 3 au 4. Hewa ikiwa na unyevu mwingi njia hii haina nguvu, inabidi kutumbukiza chupa za maji yaliyoganda ndani ya beseni na kuzibadilisha asubuhi na jioni.

Mama Neema (jirani) 19:31
Hilo la chupa za barafu naliweza. Nipeni ufunguo tu. Ila nieleweshwe nisije nikaharibu.

Anko Daudi 19:36
Asante sana Mama Neema. Kazi ni hii: kila mara weka chupa mbili za lita moja na nusu zilizoganda kwenye beseni, toa zilizoyeyuka uzirudishe kwenye jokofu. Kifuniko cha ndoo usikifungue hata kidogo. Ukiona mapovu mengi kwenye jagi, au povu la kahawia limeingia humo, ni dalili njema. Jagi likijaa povu, andaa jingine lenye maji ya dawa, hamisha ncha ya mpira haraka, umemaliza. Na kabla ya lolote fungua dirisha. Lita 20 za bia zinatoa mamia ya lita za kabonidioksidi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Chumba kidogo kilichofungwa si pa kulala mtu wala kufungia mnyama.

Rehema 19:38
Ndoo itakaa stoo, dirisha litabaki wazi kidogo.

Petro 19:40
Wazi sawa, ila jua lisiifikie. Mwanga unavunja viambato vya uchungu vya hopsi na bia inanuka kama kicheche. Ndoo nyeupe inapitisha mwanga, ile fulana iwe ya rangi nyeusi mmemaliza mambo mawili kwa mara moja.

Jumatano

Baraka 12:20
Familia, kwenye kupika. Tuna dondoo kavu la kimea (unga wa sukari ya nafaka iliyooteshwa) kilo 2.6, hopsi, na sufuria ya lita 15. Lita 20 hazitaingia.

Petro 12:29
Zisiingie, shem. Chemsha lita 11 tu, nyingine uziongeze kwenye ndoo mwishoni. Tena leo hii chemsheni lita 10 za maji, zifunikeni, zikae kwenye friji usiku kucha. Kesho maji hayo baridi ndiyo yatakayopooza bia kwa haraka.

Maji ya bomba yakinuka klorini kuchemsha kunaiondoa. Lakini sehemu nyingine wanatumia kloramini (dawa ya maji jamii ya klorini), ambayo haitoki kwa kuchemsha. Robo ya kidonge cha metabisulfiti kwa lita 20 inaimaliza ndani ya dakika chache. Mkiiacha bia inakuwa na ladha ya plasta ya kidonda.

Petro 12:37
Dondoo: zima moto kabisa kabla ya kulimimina. Likimwagwa moto ukiwaka linazama na kuungua chini, na ladha ya kuungua haifichiki. Mimina huku mwenzako anakoroga. Usishike mfuko juu ya mvuke, unga utashikana kuwa bonge. Likishayeyuka lote, washa. Dakika za kwanza za kuchemka ndizo za kusimama hapo hapo, povu linapanda ghafla na kumwagika. Maji baridi kidogo kwenye chupa ya kupulizia yanalituliza.

Hopsi za uchungu ziingie mwanzoni na zichemke dakika 60. Za harufu ziingie dakika 5 za mwisho. Sufuria isifunikwe.

Anko Daudi 12:44
Moto ukizimwa, hapo ndipo usafi unaanza kuwa sheria. Kabla ya hapo joto la kuchemka limeua kila kitu. Baada ya hapo, kila kinachogusa bia kiwe kimepita kwenye dawa: ndoo, kifuniko, mpira, kipimajoto, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira. Dawa isiyohitaji kusuuzwa ndiyo rahisi. Klorini ya kufulia nayo inafanya kazi, lakini isuuzwe vizuri kwa maji yaliyochemshwa, na isichanganywe kamwe na siki au tindikali nyingine, inatoa gesi ya sumu.

Sufuria ikae kwenye sinki lenye maji na barafu, mkoroge taratibu. Ikishuka hadi nyuzi 30 hivi, mimina kwenye ndoo, ongeza yale maji ya friji mpaka alama ya lita 20. Pimeni joto, liwe 18 hadi 20. Tikiseni ndoo kwa nguvu dakika tatu nne ili hewa iingie, kisha pakiti moja ya hamira ya gramu 11. Huo ndio wakati pekee bia inapotaka hewa. Kuanzia hapo mpaka glasini, hewa ni adui.

Rehema 12:46
Na haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo kwenye bia, tunapima lini?

Anko Daudi 12:49
Kabla ya hamira, mkishachanganya maji vizuri. Kwa kilo 2.6 katika lita 20 tegemeeni 1.048 au karibu yake. Maji yasipochanganyika vizuri itasoma uongo, kwa hiyo msishtuke ikisoma 1.035. Korogeni, pimeni tena. Andikeni namba kwenye kifuniko.

Zawadi 17:10
Wifi, kaka, nimesoma yote ya bia, sasa niulize ya kambi. Mnalala kwenye mwinuko wa mita ngapi?

Rehema 17:12
Kama 2,600 wifi. Tunataka kubeba chupa nne za bia ya mzunguko uliopita.

Zawadi 17:21
Za glasi? Chupa ya nusu lita ya glasi ikijaa inakaribia kilo moja. Hamishieni mpango kwenye chupa za plastiki za soda kwa mzunguko ujao, zinavumilia gesi na ukizibonyeza unajua kama bia imeshajaa gesi. Kwa sasa bebeni mbili tu, kila moja ndani ya soksi nene, zisimame wima katikati ya nguo.

Urefu wa mlima si wa kuogopa sana, shinikizo la nje linapungua kidogo tu. Cha kuogopa ni joto. Chupa iliyo kwenye nyuzi 40 ndani ya gari lililofungwa ina shinikizo karibu mara mbili ya chupa iliyo kwenye 20. Msiziache garini juani.

Petro 17:24
Na mashapo ya chini yatakuwa yametikisika. Zisimamisheni kwenye maji ya kijito usiku mzima, zimefungwa kamba. Asubuhi mashapo yako chini tena. Jioni ya pili mnakunywa bia safi.

Zawadi 17:33
Mnywe baada ya hema kusimama na chakula kuiva. Pombe inapanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku mwili unalipoteza. Usiku wa baridi usianze hivyo.

Maji: kwa mita hizo yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, bado yanaua vijidudu, ila yaacheni yachemke dakika 3 kamili badala ya moja. Yakiwa na tope yachujeni kwa kitambaa kwanza.

Baraka 17:35
Dada, mvua ikinyesha jiko tuliweke kwenye mlango wa hema?

Zawadi 17:42
Hapana kaka. Kaboni monoksidi haina harufu, na kitambaa cha hema kinashika moto kwa sekunde. Bebeni turubai dogo mlifunge kwenye miti, pande ziwe wazi, mpikie chini yake. Mtungi wa gesi wa gramu 230 unatosha watu wawili kwa siku hizo mkifunika sufuria na kuzuia upepo, ila msiuzungushie kinga ya upepo pande zote, mtungi utapata moto. Asubuhi ukiwa hauna nguvu, ni butani (gesi ya ndani ya mtungi) imepoa. Laleni nao miguuni ndani ya begi la kulalia, jiko likiwa limefunguliwa kutoka kwenye mtungi.

Zawadi 17:49
Na mnapogawana mizigo: hema linagawanyika, mmoja nguzo na kifuniko cha mvua, mwingine sehemu ya ndani. Lakini maji, tochi, koti la mvua na begi la kulalia kila mtu abebe vyake. Mkipotezana kwenye ukungu, asibaki mmoja na maji yote na mwingine na tochi zote. Mkeka wa kulalia msiupunguze ili kuokoa uzito. Ardhi ndiyo inayokunyang'anya joto, na begi la kulalia likilaliwa linabonyea, chini halikingi kitu.

Rehema 19:02
Asante wifi. Anko, la mwisho. Jumatatu tukirudi tutie kwenye chupa? Jumanne ni siku yetu ya mapumziko.

Anko Daudi 19:14
Hapana mama. Jumatatu ondoeni mpira, wekeni kizibo cha mapovu kilichosafishwa, toeni beseni ili bia ipande hadi 21. Msipime, msifungue. Pimeni siku ya kumi. Ikiwa karibu na 1.012, pimeni tena baada ya siku tatu. Namba ikiwa ile ile, imemaliza. Kutoka 1.048 hadi 1.012 mnapata kileo cha asilimia 4.7 hivi. Mapovu kukoma si ushahidi, kifuniko kinachovuja kidogo nacho kinayakomesha.

Kufunga chupa mapema ndiko kunakolipua chupa. Sukari iliyobaki inaendelea kuliwa, gesi haina pa kwenda.

Siku hiyo chemsheni gramu 130 za sukari nyeupe kwenye maji ya robo lita, imimineni ndani ya ndoo safi, kisha vuteni bia kwa mpira juu yake bila kurusha. Korogeni polepole. Sukari isipoenea, chupa moja haitakuwa na gesi na nyingine itakuwa bomu. Acheni sentimita 3 juu. Wiki mbili kwenye nyuzi 20 gizani, ndani ya kreti lenye kifuniko.

Mama Neema (jirani) 19:20
Kwa hiyo mimi ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, dirisha kwanza, chupa baadaye, kifuniko siguse. Anzeni kugandisha chupa nne leo, hazigandi kwa usiku mmoja kama jokofu limejaa.

Rehema 19:22
Zinaingia sasa hivi Mama Neema. Ufunguo nitakuletea Ijumaa asubuhi, pamoja na jagi la akiba lenye maji ya dawa.