Uliwahi kutoa siri ya ofisi mtandaoni? Tupeane uzoefu

Karani wa Stoo:
Wakuu, salaam. Naomba tupeane uzoefu, hasa mliofichua wizi wa kazini kwa kupost. Umbea wa nani anatembea na nani tuuache kando.

Naanza mimi. 2018 nilikuwa natunza stoo ya dawa, mahali sipataji. Leja inasema maboksi 40 ya dawa za malaria, rafu ina 28, na sahihi ya kupokea ni yangu. Nikapiga picha ukurasa ule, nikaziba majina yote, nikafungua akaunti mpya, nikarusha. Usiku sikulala, nahesabu waliolaiki kama mtoto. Siku ya tatu bosi akaniita. Hakufoka. Alifungua leja mezani, akaweka kidole juu ya doa la chai pembeni ya ukurasa, lenye umbo kama la figo hivi. Doa lile lile lilikuwa kwenye picha.

"Hii chai ni ya nani?"

Mkataba ulipoisha haukuongezwa.

Fundi Printa:
Pole mkuu. Doa lako limenikumbusha Reality Winner wa Marekani, yule dada aliyevujisha hati ya siri ya serikali kwa chombo cha habari, 2017. Wengi husema aliumbuliwa na vidoti vya njano ambavyo printa nyingi za leza za rangi huchapa bila wewe kuviona. Vidoti vipo kweli, ila maelezo ya FBI mahakamani yalikuwa ya kawaida kabisa: nakala ya hati iliyofika kwa waandishi ilionekana ina mkunjo, maana yake ilichapwa ikabebwa kwa mkono. Wakapekua nani aliichapa, wakapata watu sita. Mmoja wao, yaani Winner, alishawasiliana na chombo kile cha habari kwa barua pepe, kwa kompyuta ya kazini. Akala miaka mitano na miezi mitatu. Kwa hiyo kabla hujawaza VPN ya kuficha ulipo mtandaoni, hesabu kwanza mko wangapi wenye ufunguo wa kabati.

Wa Naivasha:
Huku Kenya tulikuwa na Munyakei kabla ya hizi simu. Karani tu wa Benki Kuu, akatoa stakabadhi za Goldenberg, ile kashfa ya mauzo hewa ya dhahabu, zikafika kwa wabunge. 1993 akakamatwa, kazi ikaenda. 2004 Transparency International wakampa tuzo, 2006 akafa hana kitu.

Mimi nilianika wizi wa basari, zile pesa za karo, za wadi yetu Facebook, kwa jina langu kamili. Inbox ilijaa pongezi. Hadharani hakuna aliyeandika hata neno. Aliyelipia ni mama yangu: kwenye chama chao cha kuchangiana wakaacha kumsalimia.

Shangazi wa Mtaa:
Langu ni la aibu wanangu. Nilirusha risiti ya kisima nikidai mzee wa kamati kala milioni mbili. Kumbe kulikuwa na risiti ya pili, ya pampu, ipo kwa mhasibu, nami sikuuliza. Nikafuta, nikaomba radhi. Ile ya kwanza ilishafika kila grupu. Radhi yangu hakuisambaza mtu. Mzee kafariki mwaka juzi. Mjukuu wake shuleni bado wanamwita Milioni Mbili.

Kijana wa Sheria:
Nyongeza kidogo kwa Watanzania. Tuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini inamlinda aliyepeleka jambo kwa mamlaka husika. Kupost hakumo. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo ilimfikisha Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, mahakamani Desemba 2016, polisi wakitaka taarifa za watu walioandika kwa majina bandia. Yeye aligoma kuzitoa. Je, anayeshika akaunti yako wewe atagoma?

Fundi Printa:
Karani, hujamalizia. Na dawa je?

Karani wa Stoo:
Wakaguzi walikuja, rafu ikajaa kwa muda. Aliyenirithi stoo ananiambia leja ya sasa imevikwa nailoni, na chai humo ndani imepigwa marufuku.