Naomba ushauri: Mombo, Lushoto hadi Mtae kwa baiskeli ya changarawe, mwezi wa saba

Mwenye uzi (Tanga)

Habari za jioni ndugu wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni.

Ninaishi Tanga mjini, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiendesha baiskeli kila mwisho wa juma, zaidi katika barabara ya Pangani na ile ya Muheza, ambako kilima kirefu kuliko vyote hakinichukui dakika kumi. Maisha yangu yote nimeitazama milima ya Usambara kupitia dirisha la basi pale Mombo, na mwaka huu nimejiapiza kwamba nitaipanda kwa miguu yangu mwenyewe. Nimepata likizo ya siku nne mwezi wa saba. Baiskeli yangu ni ya changarawe, yaani ya kupita lami na barabara za vumbi pia; ina usukani wa kupinda, breki za diski za kuvutwa kwa waya na tairi za milimita 40. Mbele kuna gia moja ya meno 42, na nyuma gia kubwa kabisa ina meno 36.

Nilichokipanga ni kuondoka Mombo alfajiri, nipande hadi Lushoto, nipite msitu wa Magamba na kulala Mtae siku hiyohiyo, kisha nirudi kesho yake. Ramani ya simu inanionyesha kwamba safari ya kwenda ni karibu kilomita 100, umbali ambao nimeshauzoea. Naomba kujua kama mpango huu unawezekana, barabara zinakuwa katika hali gani wakati huo, na kama mwanamke akiwa peke yake anaweza kupata mahali salama pa kulala njiani.

Mwenyeji wa Lukozi

Marahaba mwanangu, na karibu kwetu.

Nakusihi usifanye hivyo kwa siku moja. Kilomita 100 za pwani na kilomita 100 za kwetu hazilingani hata kidogo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na hizo peke yake zinakutoa katika joto la mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na kukufikisha mita 1,400, huku barabara ikiwa imebanwa kati ya mwamba na korongo, na mabasi na malori ya mboga yakiteremka kwenye kona ambazo dereva hakuoni mpaka amekukaribia kabisa. Wengi huchoka kabla ya Soni, wakapumzika pale karibu na maporomoko ya maji, wakadhani kazi imekwisha. Bado kabisa. Ukitoka Lushoto unapanda tena hadi Magamba, na kuanzia hapo barabara haitulii: inashuka bondeni, inavuka kijito, inapanda upande wa pili, na ramani yako haikuhesabii hayo.

Kwa kuwa unazo siku nne, zitumie zote. Siku ya kwanza ishie Lushoto, na jioni, kama miguu bado inakubali, nenda hadi Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, ukaitazame tambarare uliyotoka asubuhi. Siku ya pili pita Magamba, Malindi na Lukozi, ukalale Rangwi. Pale kuna nyumba ya watawa wa kike ambao wamezoea kupokea wageni wanaotembea milimani, na kwa binti aliye peke yake sijui mahali patulivu zaidi katika njia hiyo yote. Ila watafute mapema kwa simu, usiwafikie usiku bila taarifa. Siku ya tatu malizia Sunga na Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, chini yake ikiwa tambarare ya Mkomazi. Siku ya nne rudi kwa basi.

Kuhusu Magamba, barabara kuu unaipita kama msafiri mwingine yeyote, lakini ukitaka kuingia katika njia za ndani ya hifadhi, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, ulipie na upewe mwongozaji. Nakushauri ufanye hivyo hata kwa saa moja tu. Utaona mikulo mikubwa iliyosalia baada ya karne nzima ya kupasuliwa mbao, na ukinyamaza utawaona mbega.

Mwezi wa saba mvua za masika zimekwisha, lakini usidanganywe na neno kiangazi. Asubuhi ukungu hulala msituni hadi saa tatu au saa nne, matone yanadondoka kutoka kwenye majani, na udongo wetu mwekundu hauhitaji mvua kubwa ili uwe utelezi. Mwaka mmoja nilitoka Malindi mapema mno baada ya manyunyu ya usiku. Haikupita nusu kilomita, udongo ukawa umejaa kati ya tairi na fremu kama unga wa ugali uliosongwa, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nami nikabaki nimechuchumaa kando ya njia nikichokoa kwa kijiti cha mkaratusi. Siku hizi ninasubiri jua liguse barabara ndipo ninaondoka. Beba pia sweta nzito, kwa sababu usiku wa mwezi wa saba ni wa baridi kweli.

Fundi wa Korogwe

Mzee ameshamaliza habari za njia, nami niongeze habari za chombo, kwa kuwa naona hapo ndipo dada atakapoumia.

Meno 42 mbele kwa 36 nyuma ni mazito kwa mlima huo ukiwa na mzigo. Badilisha gia ya mbele uweke ya meno 36, ili mbele na nyuma zilingane, na mzunguko mmoja wa pedeli uzungushe gurudumu mara moja tu. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, lakini safari yako haina tambarare. Ukibadilisha, mnyororo nao utahitaji kupunguzwa pingili.

Jambo la pili ni tyubu. Vijijini utapata tyubu za baiskeli za kawaida, lakini valvu zake ni nene, na rimu nyingi za baiskeli kama yako zina tundu jembamba ambalo valvu hiyo haipiti. Beba tyubu mbili zako, viraka, sulusheni na pampu. Breki za waya zikaguliwe kabla hujaondoka, weka vitambaa vipya (zile pedi zinazobana diski) na ubebe jozi ya akiba. Kwenye mteremko usiishikilie breki mfululizo. Ibane kwa nguvu, iachie ipoe, ibane tena, na ukisikia harufu ya kuungua, simama.

Mkazi wa Muheza

Mimi nina wazo tofauti kidogo. Kabla ya Lushoto, kwa nini usijipime kwanza Amani, ambayo iko karibu nawe zaidi? Kutoka Muheza unapita vijijini hadi lango la Zigi, kisha unapanda ndani ya msitu kwa barabara ya udongo na mawe hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, na ukiendelea unatokea kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro. Kupanda si kurefu kama kwa Lushoto, lakini kunatosha kukuonyesha kama gia zako zinafaa. Usambara ya Mashariki inapokea unyevu wa bahari moja kwa moja, kwa hiyo mvua inaweza kukukuta mwezi wowote.

Mwenye uzi (Tanga)

Ninawashukuru sana, na wewe mzee wa Lukozi hasa. Nimeufuta mpango wa siku moja. Mwezi wa sita nitakwenda Amani nikiwa na gia ya meno 36 na mzigo uleule nitakaopanda nao Lushoto, halafu mwezi wa saba nitafuata siku nne kama zilivyopangwa. Nimebakiwa na swali moja: badala ya kurudi kwa basi, je, ninaweza kuteremka kutoka Mtae hadi kijiji cha Mnazi, kule tambarareni, na kuzunguka kwa chini?

Mwenyeji wa Lukozi

Njia ipo, mwanangu, lakini kwa safari yako ya kwanza siikubali. Mteremko ni mkali mno na mawe yamelegea, na breki za waya zitakuwa zimechoka kwa siku tatu. Ukifika chini utakuta joto, vumbi na mwendo mrefu usio na kivuli, na pakitokea tatizo huko hutapata msaada kwa haraka.

Panda basi. Yanaondoka Mtae alfajiri kungali giza, kwa hiyo zungumza na kondakta jioni yake na mkubaliane nauli ya baiskeli. Wakati wa kuipakia, panda juu ya keria mwenyewe, uilaze upande wa mnyororo ukiangalia juu, na uifunge kwa kamba zako. Viroba vya viazi vitakuja kupangwa baada yako, kwa hiyo usishuke mpaka uone vimewekwa mbali na magurudumu.