Nimeuziwa Werewolf by Night "seti kamili", namba 32 haimo. Na mwisho nao haupo!

Wakuu, salaam. Mods naombeni msiupeleke uzi huu jukwaa la burudani. Hapa hakuna burudani, kuna mtu amepigwa.

Iko hivi. Miezi mitatu nimekunywa chai ya rangi bila kitafunwa nikidunduliza hela ya Werewolf by Night, komiki za kampuni ya Marvel za kijana anayegeuka mbwamwitu, kwa jamaa mmoja wa mtandaoni. Simtaji, anajijua. Tulikubaliana nichukue seti nzima: Marvel Spotlight namba 2 hadi 4, ambako Jack Russell, kijana mwenyewe, alianzia mwaka 1972, kisha Werewolf by Night yenyewe 1 hadi 43, yaani Septemba 1972 mpaka Machi 1977, zile nene za Giant-Size, na zile za 1998. Mzigo umefika juzi. Nikakaa mkekani nikahesabu. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja, thelathini na tatu. Nikarudia. Thelathini na moja, thelathini na tatu.

Wanaojua wameshaguna. Namba 32, Agosti 1975, ndimo Moon Knight, shujaa maarufu wa Marvel, alimoonekana kwa mara ya kwanza. Na alikuja kama nani? Mamluki! Kakodiwa akamkamate Jack, kavishwa silaha za fedha kwa sababu fedha ndiyo inayomwumiza mtu-mbwamwitu. Mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma leo ana mfululizo wake, ana tamthilia yake, na toleo alilozaliwa linauzwa bei ambayo ukiisikia unaomba kiti. Wanaolinunua hata hawajali Jack ilimkuta nini baadaye. Jamaa yangu naye anayajua haya vizuri, ndiyo maana kalichomoa.

Nikampigia. Jibu lake: "Kaka, moja tu hiyo, arobaini na mbili si unazo?"

Kwa hiyo nina namba 33, ambamo Moon Knight anabadili nia na kumwachia Jack. Namwona anavyomwachia, sijamwona alivyomkamata. Ndugu zangu, huo ni usomaji gani?

Kinachoniuma ni kwamba huyu mtu-mbwamwitu ameonewa tangu kabla hajazaliwa. Mwaka 1954 Marekani walipatwa na hofu kuwa komiki zinawaharibu watoto, Seneti ikaitisha vikao, na wachapishaji kwa woga wakajitungia kanuni zao wenyewe. Vampaya marufuku, mizimu inayotembea marufuku, watu-mbwamwitu marufuku. Kitabu kisicho na muhuri wa kanuni kilipata shida kufika kwenye meza ya muuza magazeti. Mpaka 1971 ndipo walipolegeza, wakasema haya, vampaya na mbwamwitu ruksa mradi viandikwe kwa hadhi ya fasihi ya zamani. Mwaka uliofuata tu Jack akaingia sokoni: kijana anatimiza miaka 18, mwezi unajaa, laana ya ukoo inamshukia. (Bibi yangu angemwambia hilo si jambo la kushangaza, huku kwetu mtu akigeuka anakuwa fisi, na kesho yake anakusalimia njiani kama kawaida.)

Halafu kuna kisa cha Marv Wolfman. Huyo ni mwandishi, na hilo ni jina lake halisi la ukoo. Inasimuliwa kwamba kabla kanuni hazijalegezwa, wakaguzi waliliona neno "wolfman" kwenye kazi ya kampuni ya DC wakataka lifutwe. Wakaambiwa ni jina la mtu. Mtu kupigwa marufuku kwa jina la baba yake! Ndiye huyohuyo aliyekuja kuandika Werewolf by Night namba 11 hadi 15, akampeleka Jack mpaka Transylvania kukutana na Dracula. Lakini hapo napo kuna mtego: mkasa ule unaanzia kwenye Tomb of Dracula namba 18, kitabu kingine kabisa. Usipokuwa nacho, imekula kwako. Giant-Size nazo ni vurugu tupu: ya kwanza inaitwa Giant-Size Creatures, kisha ghafla inafuata Giant-Size Werewolf namba 2. Nimeitafuta Giant-Size Werewolf namba 1 wiki nzima kama mwehu kumbe haikuwahi kuwepo.

Michoro sina neno. Kurasa za mwanzo za Mike Ploog unaona kabisa mifupa inavyojikunja mtu anapogeuka. Don Perlin aliyechora sehemu kubwa iliyofuata alikuwa mtaratibu zaidi, mimi simchukii. Ila walipomleta Iron Man kwenye 42 na 43 nilijua huyu mgonjwa anawekewa dripu ya mwisho.

Sasa za 1998. Paul Jenkins kaandika, Leonardo Manco kachora, giza lake tamu mno. Matoleo sita, pap, wakaufunga mfululizo. Hadithi ikahamishiwa kitabu kingine, Strange Tales, ikigawana kurasa na Man-Thing, lile zimwi la kinamasi. Namba 1, namba 2, halafu bahasha tupu. Nikajua nimepigwa mara ya pili. Nikampigia tena jamaa, safari hii bila salamu: namba 3 iko wapi? Akacheka. "Hiyo hata Marekani haipo."

Nimechunguza usiku mzima. Ni kweli. Strange Tales nayo ilifungwa baada ya matoleo mawili kwa kukosa wanunuzi, hadithi ikakatikia hewani. Mwaka 2020 wakaja na kijana mwingine kabisa, Jake Gomez, matoleo manne. Mwaka 2022 ikatoka ile filamu fupi ya Michael Giacchino, Jack akapendwa upya na watu wasiojua kwamba kuna msomaji amekaa mkekani na nusu hadithi mkononi tangu 1998.

Kwa hilo la mwisho jamaa namsamehe, hakuumba yeye. Namba 32 simsamehi. Nimempa mpaka Ijumaa arudishe toleo au hela. Na mdau yeyote aliye nayo, hata iwe haina jalada, hata mtoto awe ameichorea kalamu, anifuate PM. Mradi kurasa ziwemo zote.