Faili la pensheni la askari Mweusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe Marekani: nianzie wapi?

Tafuta_Nasaba

Habari zenu wakuu. Nafuatilia ukoo wa mume wangu, Wamarekani Weusi wa Tennessee. Sensa ya 1870 inamtaja babu yao mkuu, mkewe na watoto wanne. Kabla ya hapo sioni kitu. Wazee wa ukoo wanasema alipigana upande wa Kaskazini, lakini kwenye orodha ya wanajeshi iliyo mtandaoni jina lake limejitokeza mara kadhaa, katika vikosi tofauti. Nasikia mafaili ya pensheni ndiyo yenye habari za familia. Nitamjuaje wetu, faili naliombaje, na nikilipata nitafute nini ndani yake?

Karani_wa_Masjala

Dada, usimtafute kwa jina lake tu, mtafute kwa mkewe. Fahirisi kuu ya pensheni za 1861 hadi 1934 (filamu T288) ipo bure FamilySearch, tovuti ya nasaba. Kadi inaonyesha jina la askari, kikosi na kombania, jina la mjane kama naye aliomba, tarehe ya ombi, namba ya ombi, namba ya cheti na jimbo walikoombea. Chuja kwa mke na jimbo, wengi watadondoka.

Ukikuta neno "alias" (jina jingine) kwenye kadi, andika majina yote mawili. Katika vikosi vya U.S. Colored Troops (askari Weusi wa jeshi la Kaskazini) ni jambo la kawaida: mtu aliandikishwa kwa jina la ukoo la aliyemmiliki utumwani, vita vikaisha akachukua la baba yake. Karani wa jeshi naye aliandika alivyosikia. Jina likigoma kabisa, nenda fahirisi ya T289 kwenye Fold3 (tovuti ya kulipia). Kadi zake zimepangwa kwa kikosi na kombania, kwa hiyo unaweza kupitia kombania nzima bila kutegemea tahajia.

Wengi huishia kwenye kadi wakidhani wamemaliza. Kadi ni njia ya kulifikia faili tu, na sehemu kubwa ya mafaili haijawekwa mtandaoni. Unaagiza Nyaraka za Taifa za Marekani (NARA), Washington, kwa fomu NATF 85D: dola 80 kwa faili lisilozidi kurasa 100, zinazozidi hulipiwa kwa ukurasa. Namba ikianza na C au XC, huenda faili liko kwa idara ya maveterani, si NARA.

Angalia pia rekodi yake ya utumishi, ambayo ni faili jingine kabisa. Humo mna umri, urefu na mahali alipozaliwa, kama alivyoandikishwa. Kwa Tennessee, Maryland na Missouri ipitie hadi karatasi ya mwisho: wamiliki waliokuwa watiifu kwa serikali waliruhusiwa kudai fidia hadi dola 300 kwa mtumwa aliyeingia jeshini, na hati ya dai, kama ipo, inakupa jina la mmiliki.

Hati_za_Kale

Naongezea usomaji, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kila karatasi jiulize: nani alitakiwa kuthibitisha nini, kwa sheria ipi?

Sheria ya 1862 ilimtaka askari aonyeshe kwamba ulemavu wake ulitokana na vita, kwa hiyo karatasi za mwanzo zimejaa majeraha na kuhara, familia haba. Sheria ya 27 Juni 1890 ilitaka siku 90 za utumishi na kutoweza kazi za mikono, hata kama maradhi hayahusiani na vita. Ndiyo maana waombaji wengi wanaanzia hapo. Kuanzia 1907 umri peke yake ulitosha: miaka 62 dola 12 kwa mwezi, 70 dola 15, 75 dola 20. Mtu aliyezaliwa utumwani hakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi miaka ikawa ya kubishaniwa. Ukikuta umri wa aina tatu, usichague mmoja haraka. Andika kila mmoja pamoja na tarehe ya karatasi na dai lililokuwa mezani.

Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa. Watumwa hawakuwa na ndoa ya kisheria, na sheria za 1864 na 1866 zikakubali ushahidi kwamba wawili hao waliishi na kutambuana kama mume na mke. Kwa hiyo mjane alileta watu: mkunga aliyewazalisha, waliokua naye shamba moja, wakati mwingine hata watoto wa mmiliki wa zamani. Hawa ndio watakaokuvusha nyuma ya 1870.

Anza na fomu za maswali za 1898 na 1915, kama askari alikuwa hai miaka hiyo: zinauliza jina la mke kabla ya kuolewa, ndoa ilifungwa lini na nani, watoto walio hai na tarehe zao za kuzaliwa. Kisha tafuta karatasi zilizoandikwa "Deposition A", "B" na kuendelea. Hayo ni mahojiano ya mkaguzi maalumu aliyetumwa kijijini ofisi ya pensheni ilipotilia shaka. Hati za kiapo zilizoandaliwa na mawakala wa madai zisome kwa tahadhari: sentensi zilezile kwa wateja tofauti, na shahidi anaweka alama ya X chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Mahojiano nayaamini zaidi, ingawa mkaguzi naye alikuja na shaka yake.

Kurasa hazifuati tarehe. Zipe namba kabla ya kuanza kusoma.

Tafuta_Nasaba

Nawashukuru sana. Nimempata kwa jina la mke! Ombi lake la 1891 lina namba ya cheti. La mjane, 1909, lina namba ya ombi tu. Niagize lipi?

Karani_wa_Masjala

Andika namba zote kwenye fomu moja. Kwa kawaida karatasi za mume na mke ziliunganishwa, na za mjane zisipopewa cheti huwa chini ya cheti cha askari. Kukosa cheti maana yake ombi halikupita: labda alifariki kabla ya uamuzi, aliolewa tena, au ilionekana mmoja wao alikuwa na mwenzi wa zamani aliye hai. Hilo la mwisho lilitokea mno, kwa kuwa wanandoa waliuzwa mbalimbali. Ombi lililokataliwa baada ya uchunguzi linaweza kuwa nene kuliko lililopita, kwa hiyo usiliache.

Hati_za_Kale

Mashahidi wa mjane waliokuwa askari, agiza na mafaili yao. Huenda babu yenu aliwatolea ushahidi na humo akajieleza mwenyewe. Pitia pia daftari za Freedman's Bank, benki ya watumwa walioachiwa huru (1865 hadi 1874), matawi ya Memphis na Nashville, bure FamilySearch: baadhi ya fomu zina wazazi, ndugu, mmiliki na kikosi. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziache mwisho. Zinataja mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi tu, bila majina. Zitumie kupima jina la mmiliki ulilokwisha kulipata kwingine.